Mkeka Uliopandisha Maji Bila Kibali

Kabla sijasema lolote, niseme kwamba naipenda serikali yangu. Nimelisema hilo mara tatu tangu asubuhi, mara mbili mbele ya mashahidi na mara moja nikiwa peke yangu chooni, kwa sababu huwezi kujua. Basi mtu asije akaniambia kwamba ninayoyasimulia hapa ni uchochezi. Mimi nasimulia tu. Kama kuna kitu kibaya humu ndani, kiliingia chenyewe.

Nchi yetu inaitwa Kileleni. Iko bondeni, tena bondeni kabisa, mahali ambapo mbuzi akitaka kuona mbali hupanda mgongoni kwa mbuzi mwenzake. Lakini kamati iliyochagua jina ilikaa ghorofa ya tisa, ikachagua kulingana na ilichokuwa inakiona dirishani, nasi wananchi tukashukuru. Hapa kwetu kila kitu hutoka juu. Maagizo hutoka juu, maelekezo hutoka juu, na ukimuuliza karani kwa nini dirisha limefungwa saa nne asubuhi, atakuonyesha dari kwa kidole. Katiba yetu ibara ya kwanza inasema, "Kila jema hushuka." Ibara ya pili inaeleza namna ya kulisubiri.

Mimi naitwa Kondo Mwalubadu, mtumishi wa Wizara ya Umwagiliaji wa Hadhara. Cheo changu ni Mwonjaji wa Tatu, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne bila kuumwa tumbo hata siku moja. Watu wakisikia cheo changu hucheka. Wacheke. Bila sisi waonjaji, nchi hii ingekuwa inamwagilia mimea kwa maji yasiyojulikana tabia zake.

Sasa lazima nieleze desturi yetu ya miti, la sivyo hamtanielewa. Kwetu mkubwa akifika mahali, hupanda mti. Akifungua zahanati, mti. Akifunga semina, mti. Yupo mmoja aliyepotea njia akienda harusini, akashuka kwenye gari kuuliza, akakabidhiwa jembe kabla hajamaliza swali. Palepale huwekwa kibao kikubwa kuliko mti wenyewe: MTI HUU UMEPANDWA NA MHESHIMIWA FULANI. Mgeni rasmi hupigwa picha, hupewa kitambaa cha kufutia mikono, akaondoka. Mti nao, kwa adabu zake, husubiri gari la mwisho lipotee kwenye kona, ndipo ukauke. Hadi mwaka juzi tulikuwa na vibao mia nne na kumi, na miti miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili ulikuwa nguzo ya simu. Hakuna aliyeona tatizo, maana hakuna mkubwa aliyewahi kurudi kuangalia.

Basi mwaka jana Mkuu wetu wa Wakuu, yeye mwenyewe na mikono yake, alipanda mlimau mbele ya Wizara yetu. Aliupanda ndani ya nusu pipa lililoinuliwa juu ya matofali, kwa sababu itifaki haimruhusu kuinama. Tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, ikaisha. Mkuu akaingia garini, akateremsha kioo, akasema maneno ambayo hayajapata kusemwa tangu nchi hii iumbwe.

"Mwakani nitarudi kuuona."

Waziri wetu, Mheshimiwa Pazi Mtondoo, alikuwa anatabasamu wakati huo. Tabasamu lile lilimkaa usoni siku mbili nzima kwa sababu hakujua alitoe vipi. Siku ya tatu akaitisha kikao, na kikao kikaamua kwamba kwa kuwa mti utakauka, basi atafutwe mapema mtu wa kukauka nao.

Mche ule ulikuwa umetoka kwenye kitalu cha Bi Siwema Chande, jirani yangu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa michongoma tu. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Kiwanja cha kitalu chake zamani kilikuwa jalala la mtaa. Alisafisha mwenyewe, akabeba udongo mzuri kichwani, karai kwa karai, kutoka ng'ambo ya korongo, na kwa miaka kumi na mmoja akaotesha hapo miche ya nyanya, ya hoho, ya mipapai, ya milimau, yote kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa kitako. Mtaa mzima ulipanda kutoka kwake. Hana kingine duniani, na alikuwa akilisema hilo waziwazi bila kuona haya.

Barua ilimfikia Jumatatu. Aliileta mpaka kwenye michongoma.

"Bwana Kondo, hebu nisaidie macho."

Nikasoma kwa sauti. "Kwa kuwa mche ulitoka kwako, umeteuliwa kuwa Mlezi wa Mlimau wa Mkuu. Mlimau ukikauka, kitalu chako kitasawazishwa na kufanywa maegesho ya magari ya Wizara. Hongera."

"Hilo neno la mwisho ndilo nililotaka kuhakikisha," akasema. "Nikadhani ni macho yangu."

"Ni hongera, Bi Siwema."

"Na kuumwagilia nitaumwagilia na nini?"

"La, wewe huruhusiwi kumwagilia. Kumwagilia ni kazi ya serikali."

Akaikunja barua polepole. "Kwa hiyo maji yenu, kesi yangu."

"Umeelewa haraka sana," nikamwambia, na nilimsifu kwa dhati, maana wapo maofisa ambao hilo huwachukua semina mbili.

*

Maji ya mlimau yalikuwa na utaratibu, tena mzuri. Kila siku saa mbili asubuhi pipa la lita mia mbili lilitoka bohari. Mwonjaji wa Kwanza aliyaonja kujua utamu wake. Mwonjaji wa Pili aliyaonja kujua joto lake. Mimi niliyaonja kuthibitisha kwamba wale wawili wameonja kweli. Hatuonji kwa kijiko, hapana, hiyo ingekuwa dharau kwa mti wa Mkuu. Tulionja kwa jagi. Kisha Idara ya Usafirishaji iliyatumia kuoshea gari la kuyabebea, kwa sababu huwezi kubeba maji ya Mkuu kwa gari chafu. Mkoa ulichukua ndoo mbili za sampuli, Wilaya ikachukua sampuli ya sampuli. Watu wa Kata walinawa kabla ya kuyagusa, na watu wa Mtaa walipika chai ya kuyapokea. Maji yaliyotoka bohari saa mbili yalifika kwenye mlimau, ulio hatua thelathini kutoka bohari, saa kumi na moja jioni, yakiwa kikombe kimoja cha kahawa.

Hapo sasa alipanda ngazi Bwana Mwagiliaji. Sheria ilimtaka asimame juu kuliko ncha ya mti, kwa sababu kila jema hushuka. Alimwaga kile kikombe kutoka juu huku bendi ikipiga, na kama upepo ulikuwepo, maji yalimwangukia askari wa lindo. Askari yule alinawiri sana miezi ile. Mlimau ukaanza kukunja majani.

Bi Siwema alipita hapo kila asubuhi akienda sokoni. Alisimama, akalitazama jani, akaligeuza upande wa pili, akaliachia. Siku ya nne hakusimama. Aliingia moja kwa moja uani kwake, akatoka na mkeka.

Mkeka wenyewe si wa kulalia wala wa kuanikia mpunga. Aliutengeneza mwenyewe kwa usumba, zile nyuzi za ganda la nazi, uliopondwapondwa, akautandaza, akaweka juu yake kanga zilizochakaa, akaongeza usumba, akashona kwa sindano ya magunia mpaka ukawa mnene kama chapati tatu. Upande mmoja anauachia ulimi mrefu, na ulimi huo unaning'inia ndani ya ndoo yenye maji na supu ya samadi iliyochujwa. Mkeka unakunywa kwa ulimi. Makopo yamekaa juu ya mkeka, na kila mche unajifyonzea kwa chini, kupitia matundu ya kitako, kiasi kile unachokitaka. Haba na haba, mchana kutwa. Bi Siwema aliweza kwenda msibani siku tatu, akarudi akakuta miche imenenepa. Niliwahi kumuuliza siri yake ni nini, akasema hakuna siri, ni utambi tu uliolala.

Basi asubuhi hiyo alilisukuma pipa kidogo, akauingiza mkeka chini yake pale lilipotobolewa, na ulimi akautia kwenye sufuria kuukuu la maji nyuma ya kibao, alilolijaza kila asubuhi akipita. Kibao kilikuwa kikubwa, nimeshawaambia. Mimi nilikuwa dirishani na jagi langu na niliona kila kitu. Lakini kuona si kazi yangu, kazi yangu ni kuonja, na sipendi kuingilia idara za watu.

*

Mlimau ukashamiri. Masalale, ulishamiri mpaka watu wakawa wanakuja kupiga picha za harusi. Waziri akatoa hotuba ya saa mbili akieleza kwamba hayo ni matunda ya uonjaji makini, na sisi waonjaji tukapewa vyeti. Changu nimekitundika sebuleni, na mtu asinicheke.

Tatizo lilianza mwezi wa nane. Mlimau uliizidi ngazi kwa vidole vitatu. Sasa Mwagiliaji akisimama ngazi ya mwisho kabisa, bado ncha ya mti ilikuwa juu ya mkono wake, na kumwagilia kutoka chini ni kosa la jinai. Ikaombwa ngazi mpya. Kamati ya Ngazi ikasema haiwezi kuidhinisha ngazi bila kuiona, na bohari ikasema haiwezi kuionyesha ngazi bila idhini. Kwa muda wa wiki sita hakuna tone la serikali lililoufikia mti ule. Bendi ilikuja kila jioni, ikapiga, ikaondoka.

Na mti ukaendelea kukua. Ukatoa maua. Ukatoa malimau madogo ya kijani, kumi na manne, niliyahesabu.

Hapo ndipo Waziri alipoanza kuogopa. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akashusha pazia.

"Kondo, mti huu haujapata maji ya serikali tangu lini?"

"Wiki ya sita hii, Mheshimiwa."

"Na unakua."

"Unakua, Mheshimiwa."

Akakaa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. "Watu wakijua kwamba kitu kinaweza kukua bila sisi," akasema, "kesho watauliza sisi tupo kwa ajili ya nini. Na mimi sitaki kuulizwa swali hilo, Kondo, kwa sababu nimewahi kujiuliza mwenyewe, siku moja nikiwa likizo, na sikulala vizuri."

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Ukuaji Usioidhinishwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pazi Mtondoo, mlalamikaji Mheshimiwa Pazi Mtondoo, na hakimu, kwa kuwa hakimu aliyepangwa alikuwa na udhuru, Mheshimiwa Pazi Mtondoo. Mimi niliandika kumbukumbu. Siku ya kwanza tu askari alitazama nyuma ya kibao akitafuta kivuli cha kulalia, akaukuta mkeka. Bi Siwema akaitwa.

Alikuja amejifunga kanga mbili, safi, akaketi mkao wa mtu anayesubiri zamu ya mashine ya kusaga. Wajumbe walikuwa wameletewa chai na maandazi, kwa sababu tume yetu haichunguzi kwa tumbo tupu.

"Mama, eleza kitu hiki kinafanya nini," akasema Waziri, akiuelekezea mkeka kijiko.

"Kinanywa maji, Mheshimiwa, kinayapandisha kwenye udongo. Na mbolea ukiitia humo inapanda pamoja nayo."

"Yanapanda?"

"Yanapanda."

"Kutoka chini?"

"Kutoka chini, Mheshimiwa."

"Kwa amri ya nani?"

Bi Siwema akafikiri. Alitaka kujibu vizuri, nilimwona. "Kwa kiu ya mche," akasema.

Waziri akasema jambo hilo haliwezekani kisayansi wala kikatiba, maji hushuka, na anayesema yanapanda athibitishe hapahapa au akubali kwamba ni uchawi.

"Haya," akasema Bi Siwema. "Hilo andazi mkononi mwako, Mheshimiwa."

Waziri alikuwa amelichovya andazi ncha tu, akalisahau humo kikombeni wakati akihoji. Akalitazama. Chai ilikuwa imeshalipanda lote, kimyakimya, mpaka kwenye vidole vyake viwili. Nimemjua mtu huyu miaka tisa na sijapata kumwona akipauka namna ile. Aliliachia likaanguka mezani, akasogeza kiti nyuma, na askari wanne wakalizunguka.

*

Tangazo la Serikali lilitoka mchana huohuo. Ni marufuku kuchovya andazi, mkate, kitumbua au kitafunwa chochote. Kesho yake ikaongezwa kwamba ni marufuku kufuta maji kwa tambara, kwa kuwa imegundulika tambara nalo hunywa kuelekea juu. Siku ya tatu mtaalamu mmoja wa Wizara, kijana msomi sana, akakumbuka kwamba mafuta ya taa hupanda kwenye utambi, nazo tambi zote zikapigwa marufuku, mtaa mzima ukawa unakula chakula cha jioni kwa kupapasa. Mama lishe walijitahidi kutii. Pale stendi kulikuwa na kibao, HAPA CHAI HUMWAGIWA JUU YA ANDAZI, na kweli mteja alishika andazi wima na mama akammwagia chai kwa upawa, akaondoka amelowa mpaka viwiko lakini mzalendo.

Kuhusu Bi Siwema, Tume ilisema hukumu itasomwa siku ya ujio wa Mkuu, wiki tatu baadaye. Mkeka ulichukuliwa kuwa kidhibiti, na mimi nikateuliwa Mlinzi wa Kidhibiti kwa sababu nilikuwa karibu na mlango. Na kitalu kikafungwa utepe wa njano. Barua ya maegesho ilikuwa palepale: mlimau ukikauka kabla ya Mkuu kufika, trekta linaingia.

Wiki moja tu baada ya mkeka kuondolewa, majani ya mlimau yakaanza kukunjamana tena. Bi Siwema alinifuata ofisini. Hakuketi.

"Jirani, nakuomba kitu kimoja. Sikuombi unitetee."

"Bi Siwema, mimi ni mtumishi."

"Najua. Kwa hiyo nakuomba kitumishi." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Ule udongo nimeubeba kwa kichwa changu hiki, Kondo. Miaka kumi na mmoja. Waje waegeshe magari juu yake? Roho inaniuma, nisikufiche. Hicho kidhibiti ulichokabidhiwa, kitunze vizuri, basi."

Sikuwa nimepata kumwona akilia tangu tujuane, na sikupenda hata kidogo. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, maana serikali naipenda, nimeshasema. Baada ya yeye kuondoka nikachukua Kanuni za Kutunza Vidhibiti nikazisoma mwanzo mpaka mwisho, na nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kanuni ya saba inasema kidhibiti kisikunjwe, kitandazwe. Ya nane inasema kigandamizwe na kitu kizito kisije kupeperuka. Ya tisa inasema kiwe mahali pa wazi, umma ukione. Nikazunguka Wizara nzima nikitafuta kitu kizito kilicho mahali pa wazi, na nilichokiona ni pipa la mlimau tu. Basi nikautandaza mkeka chini ya pipa, kwa mujibu wa kanuni. Ulimi wake uliangukia kwenye sufuria kwa bahati mbaya. Sufuria nalo nilikuwa nimelijaza maji asubuhi hiyo, kwa bahati mbaya pia, na supu ya samadi ilidondokea humo nikijikwaa. Mtu wa umri wangu hujikwaa.

Waziri hakuona, kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa ameamua kwamba mti unaotegemea mkeka si wa kutegemewa, akaagiza uandaliwe Mti wa Akiba. Kwenye ghala la nyuma walipata mlimau mkavu uliopandwa na waziri mstaafu. Fundi wa rangi aliupaka shina na matawi rangi ya kijani ya mlango, mara tatu, akafunga majani ya plastiki kwa waya, na malimau yakawa mipira ya tenisi. Ukawekwa kwenye pipa jipya kando ya ule mwingine, na mara ya tatu ya rangi aliipaka asubuhi ya sherehe yenyewe.

*

Mkuu alikuja. Kusema kweli sikuamini mpaka nilipoiona miwani yake. Alikagua gwaride, akakagua bendi, akakagua ngazi, kisha akasimama mbele ya miti miwili. Bi Siwema alikuwa amewekwa pembeni kati ya askari wawili, macho hayamtoki kwenye mlimau.

Mlimau wa kweli ulikuwa umependeza, jamani. Malimau yameiva, harufu mpaka barabarani. Ulikuwa na jani moja la njano, na nyuki wawili, na sisimizi wakipanda na kushuka. Mkuu aliposogea, upepo ukavuma, na limau moja likadondoka likatua juu ya kiatu chake.

Mkuu akakitazama kiatu. "Huu unaangusha vitu mbele yangu," akasema.

"Ndiyo tabia yake, Mheshimiwa Mkuu," akasema Waziri. "Tumeuonya."

"Na huyu ni nani anayenizunguka kichwa?"

"Ni nyuki, Mheshimiwa Mkuu. Si wetu."

Mkuu akageukia Mti wa Akiba. Ulimeremeta. Upepo ulivuma tena, jani halikutikisika.

"Na huu?"

"Huo, tangu tuanze kuufahamu, haujawahi kuangusha chochote. Wala haujaongezeka hata kidole, ngazi iliyopo inautosha kabisa."

"Una nidhamu," akasema Mkuu. "Huu ndio wangu, naukumbuka. Mimi siwezi kupanda mti wenye wadudu." Akaushika shina kwa upendo, na alipoutoa mkono, kiganja chote kilikuwa kijani.

Mkuu aliangalia kiganja, sisi tukamwangalia Mkuu. Halafu Waziri, mtu mwepesi wa akili nisimnyime haki yake, akasonga mbele akalishika lile shina kwa mikono miwili, akaiinua juu ikiwa kijani mpaka kwenye vifundo. Umati ukashangilia. Tukapangwa mstari, mabalozi, majenerali, bendi, na kila mmoja akaenda kujipaka. Mpaka leo kucha ya kidole gumba changu haijatakata.

Kibao kikahamishiwa kwenye Mti wa Akiba, Waziri akavishwa nishani, na papo hapo ikasomwa hukumu ya Bi Siwema Chande. Alipatikana na hatia mbili: kupandisha maji bila kibali, na kukuza mti usio na mwenyewe. Waziri alisoma kwa sauti ya huzuni kuu. Mshtakiwa aondolewe mjini maisha. Apelekwe ng'ambo ya korongo, kwenye bonde la Mikuyuni, mahali ambapo hakuna ofisi ya Mkoa wala ya Wilaya, hakuna mwonjaji hata mmoja, hakuna ngazi, na hakuna mgeni rasmi atakayekanyaga huko, kwa kuwa barabara haijazinduliwa na mvua zikianza mto huikata. Aende na mlimau wake mbovu. Aende na mikeka yake yote, na miche yake yote elfu tatu, isije ikaambukiza mingine. Na malori ya Wizara yabebe udongo wa kitalu chote mpaka chembe ya mwisho, yakautupe hukohuko, kwa sababu udongo huo umeshazoea tabia ya kupokea kutoka chini, na haufai kuegeshewa gari la serikali.

Watu wakashika vinywa. Mto, bonde, maisha bila ofisi.

"Una la kusema?" akauliza Waziri.

Bi Siwema alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. "Nina swali, Mheshimiwa. Nikirudia kosa hili nikiwa huko?"

"Ukirudia utabaki hukohuko, hata ulie vipi."

"Nimesikia," akasema, na mabega yakazidi kutikisika. Nilimsogelea nimpe pole, nikamwona uso. Alikuwa anacheka, lakini kwa heshima, ameziba mdomo kwa kanga.

Malori yalifanya kazi siku mbili. Sijapata kuona Wizara yetu ikibeba kitu kwa uangalifu namna ile. Hawakubakiza hata karai moja. Kiwanja kikageuka shimo, na magari ya Wizara yaliegeshwa humo mpaka mvua ya kwanza iliponyesha, yakaelea.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Jumatano mzee mmoja alijipeleka kituo cha polisi na kikombe cha chai, akachovya andazi mbele ya mkuu wa zamu, akanyoosha mikono afungwe pingu, apelekwe Mikuyuni. Alhamisi wakaja kumi na saba. Mama lishe wote wa stendi walikuja na matambara yamelowa. Yule msomi wa tambi alikuja na koroboi inawaka mchana kweupe. Serikali ikalazimika kufungua dirisha maalumu la kupokea maungamo, na foleni ikazunguka Wizara mara mbili, kila mtu na ushahidi wake mkononi, wengine na masufuria, magodoro, na watoto mgongoni.

Mimi sipendi foleni, lakini sheria ni sheria, na dhamiri ilikuwa inanisumbua kuhusu lile sufuria. Jumatatu nikajaza ndoo, nikatia tambara, nikaenda kusimama. Mbele yangu walikuwa Mwonjaji wa Kwanza na Mwonjaji wa Pili, hatukusalimiana. Mbele yao alikuwa mtu mmoja mnene, amejitanda shuka mpaka puani, viganja vya kijani, ana andazi, na kila alipokanyagwa alisema, "Unajua mimi ni nani?" kisha akakumbuka, akanyamaza. Tulisimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane. Zamu yangu ilipofika nikainua ndoo yangu niungame, nikakuta dirisha limefungwa. Nikagonga, nikaita, hakuna aliyejibu. Nikageuka nyuma kuuliza, na afisa wa kupokea maungamo alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni, amevaa sare, ameshika ndoo.